Sauti Ipo, Picha Hakuna

Jumatatu, 14 Julai
Vitumbua vimeisha mapema. Nimefua. Saa mbili mume wangu, Bakari, ameacha cherehani akaketi kusubiri taarifa ya habari. Kioo cha televisheni cheusi. Sauti inatoka vizuri, picha hakuna. Mimi nasikia kila neno. Yeye hasikii tangu homa ya utotoni. Kwake habari ni yule dada mkalimani wa lugha ya alama, pale kwenye kona. Amenitazama kama vile nimeizima mimi.

Jumanne, 15 Julai
Fundi Hamisi kaja na bisibisi, hakufungua hata skrubu. King'amuzi kizima, anasema. Kituo kimehamia mtindo mpya wa kurusha picha, na hiki chetu cha zamani hakiujui. Jirani kaniambia nishukuru, sauti si ipo. Nina hasira mpaka sasa.

Alhamisi, 17 Julai
Nimejaribu kumtafsiria. Nimekwama kwenye bajeti. Alama zetu ni za nyumbani: chumvi, mvua, mteja, njoo ule. Kanyanyuka akaenda kulala, habari hazijaisha. Leo bubu nilikuwa mimi.

Jumamosi, 19 Julai
Lindi, basi la alfajiri. Duka la umeme la mzee wa Kihindi, aliyelirithi kwa baba yake. Shikamoo, marahaba, kisha akanieleza: "Mwanangu, siku hizi picha wanazikunja zaidi, ili chaneli nyingi zipite njia moja. Chako hakijui kuzikunjua." Nimenunua kipya. Nimekipakata mpaka nyumbani, Kivinje.

Jumapili, 20 Julai
Picha imerudi. Bakari kanishika bega. Furaha haikufika hata nusu ya habari. Mtangazaji anang'aa, mpaka vifungo vya koti naviona. Mkalimani wamemweka kwenye kisanduku kidogo, na akiharakisha mikono, vidole vinavunjika vipandevipande. Bakari kaniambia kwa alama: anaongea na tonge mdomoni. Hakucheka.

Jumanne, 22 Julai
Nimepiga simu kituoni. Kapokea binti, mpole.
"Mama, sauti si mnaipata?"
"Naipata mimi. Mume wangu hasikii."
Kisha akasema picha wanaibana sana, na kinachokwenda mbio ndicho kinachoharibika kwanza. Hajawahi kupokea simu ya mtu anayelalamikia mikono. Atawaambia mafundi. Zaidi ya hapo hakuahidi kitu. Ndiyo maana nimemwamini.

Jumamosi, 26 Julai
Vidole bado vinavunjika. Vyombo nimeviacha, nimekaa mkekani karibu naye. Zamani saa hii nilikuwa jikoni kila siku. Anasoma anachoweza. Pakikatika ananigusa goti, namwambia nilichosikia. Pengine nakosea, ananirekebisha. Kanifundisha alama ya ushuru. Habari zilipokwisha hakuinuka. Kaniuliza kama chai imebaki.
Imebaki.