Baba, Nimeolewa na Mtu wa Msumeno

Siku ya harusi yangu, baba, shangazi alipouliza mbele ya watu bwana harusi anafanya kazi gani, nilimwahi Ambakisye nikajibu mimi: "Ni fundi." Akina mama wakapiga vigelegele. Ambakisye akaniangalia tu. Alijua kwamba ninamficha, na kwamba ninamficha usimjue wewe, ingawa una mwaka wa pili sasa ardhini.

Basi leo nasema. Mume wangu anakata miti. Anayo chenso yake, msumeno wa injini, anaifunga nyuma ya pikipiki, anaitwa huku na huku Rungwe nzima kuangusha miti na kupasua mbao. Hiyo ndiyo kazi yake, na hiyo ndiyo inayotulisha.

Usikasirike kwanza. Laiti ungemwona, baba! Akicheka, mabega yanaanza kucheka kabla ya mdomo. Huku asubuhi ni baridi kuliko hata kwetu Kilolo, na yeye ndiye anayetangulia kuamka anipashie maji ya kuoga, mimi bado nimejifunika mpaka masikioni. Akirudi ananukia petroli na unga wa mbao, na mimi naipenda harufu hiyo, Mungu anisamehe. Nina miezi minne ya ndoa, lakini nikisikia pikipiki yake ikipanda kilima moyo unanidunda kama wa mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Lakini neno lako sijalisahau. "Mtu wa msumeno asikanyage uani kwangu." Ulilisema mwaka ule walipofyeka kile kipande cha msitu juu ya chemchemi wakapanda milingoti, yaani mikaratusi, na kindi uliowapenda wakatoweka mmoja mmoja. Ulikaa mlangoni siku nzima, ugali ukapoa. Jioni ukaniambia, "Mama, kindi wa msitu hatembei chini kama kuku. Barabara yake ni matawi. Ukikata mti unaounganisha, umemfunga gerezani."

Nilikuwa darasa la tano. Nilikuwa nimeshajua kindi si wote sawa, kwa sababu ulishanipeleka Idodi kwa baba mdogo, kule kwenye miombo na joto, ukanionyesha wale wa rangi ya majani makavu wanaokimbia ardhini bila aibu na kulala kwenye matundu ya miti. "Hawa ni wakulima," ulisema, "wetu wa mlimani ni mabwana, hawachafui miguu." Nilicheka mpaka nikapaliwa na muwa niliokuwa nikitafuna.

Wa huku Rungwe ungewapenda. Wako walikuwa rangi ya zeituni, na miguu kama imechovywa kwenye mchuzi wa bizari. Hawa ni wekundu, wekundu kabisa, na mgongoni kuna weusi kana kwamba mtu amewapaka masizi. Siku nilipomwona wa kwanza nilipiga yowe la furaha, Ambakisye akatupa jembe akidhani ni nyoka. "Kumbe kindi! Mke wangu, utaniua kwa presha."

Sasa sikiliza kilichotokea, maana tangu siku hiyo sijatulia.

Kuna shule ya msingi hapa chini yetu. Upande mmoja wa barabara ni msitu wa mlima, upande wa pili ni bonde la kijito lenye miti ya asili michache iliyobaki kati ya migomba na chai. Katikati ulisimama mkuyu mkubwa uliounganisha pande zote mbili kwa matawi. Mizizi yake ilikuwa imeoza, na ulikuwa umeelemea darasa la pili. Kijiji kikakubaliana ukatwe kabla ya mvua. Wakamwita mume wangu.

Alipoupanda kufunga kamba ya kuuongoza unapoanguka, alishuka mapema. Akaja mpaka jikoni na viatu vyake vya matope. "Kuna kiota. Kina watoto."

Baba, ningeweza kunyamaza. Nilimshika mkono nikamwambia habari zako zote, za chemchemi, za ugali uliopoa, zote. Nikamwomba asubiri. Akakuna kichwa kwa muda mrefu, kisha akaenda kwa mwalimu mkuu kuomba siku tano.

Mwalimu mkuu alimpigia kelele mbele ya walimu wenzake. "Yaani watoto wa watu wakae chini ya mti unaooza, wakisubiri watoto wa panya wa juu wakue?" Akampa siku tatu. Alitaka kuwahamishia darasa la pili kanisani, lakini ufunguo ulikuwa kwa mzee wa kanisa aliyekuwa amekwenda Chimala kununua mchele, kwa hiyo wakabaki palepale.

Nilifanya ulivyokuwa ukifanya wewe. Kila asubuhi niligonga shina kwa mgongo wa shoka, taratibu, mara tatu, nikaondoka. Nakumbuka maneno yako: "Usimtishe. Mbishie hodi tu, aone mwenyewe nyumba hii haifai tena. Ana nyumba ya pili, atahama." Siku ya kwanza mama kindi alitoa kichwa akanifokea kwa sauti ile yao ya kukatakata, mkia ukipiga kama mjeledi. Hakuhama.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, upepo ukaja. Nilikuwa nachambua maharage. Nikasikia mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, halafu kishindo, halafu kelele za watoto.

Sijui nilifikaje shuleni. Tawi moja tu, baba, lakini nene kama mwili wangu, lilikuwa limepasua bati na kulala juu ya madawati mawili ya nyuma. Darasa lilikuwa tupu. Walikuwa wametoka kunywa uji. Uji, baba! Vikombe vyao vilikuwa bado mikononi. Nilisimama pale nikiwahesabu kana kwamba ni wangu, na nilipomaliza nikaanza tena.

Wazazi wakakusanyika. Mama mmoja akamwendea Ambakisye akamsukuma kifuani. "Ulikuwa unasubiri nini, wewe? Nini?" Nami nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Angesema neno moja tu, "mke wangu," na macho yote yangenigeukia mimi mgeni, binti wa Kihehe niliyekuja juzi. Akasema, "Ni kosa langu, mama. Nilichelewa." Hakunitazama hata mara moja.

Mchana huo darasa likahamia chini ya paa la mashine ya kusaga. Ambakisye akasema kesho kutwa haifiki, anakata kesho.

Asubuhi nikaenda nikagonga. Nadhani niligonga kwa nguvu kuliko ulivyonifundisha. Nikakaa ng'ambo ya barabara. Jua lilipofika kwenye chai, mama kindi akatoka na kitu mdomoni, kilichojikunja kama ngumi ya mtoto. Akapita tawi la juu, akaingia msituni. Akarudi. Akabeba wa pili. Kisha akakawia, akakawia, na Ambakisye alikuwa ameshatia petroli.

"Walikuwa wangapi?" nikamuuliza.

"Sikuhesabu. Niliona manyoya tu."

Akakata mdomo wa mti, lile pengo la kuuelekeza, upande wa barabara, akazunguka nyuma kuumalizia, vijana watatu wakavuta kamba. Ulipoanguka ardhi iliruka. Yeye ndiye aliyekimbia kwanza, akaingia kwenye matawi kwa magoti, akafukua majani kwa mikono mitupu, hata msumeno hakuuzima vizuri. Akakiona kiota. Akakifungua kama mtu anayefungua barua ya hospitali. Kilikuwa kitupu. Alikaa chini hapohapo, akafunika uso kwa mikono yake yenye mafuta, mabega yakitikisika, na safari hii hakuwa anacheka.

Kamba yake nzuri, ile nene, hakuirudisha nyumbani. Ameifunga kutoka mti wa msituni hadi mti wa bondeni, juu ya barabara. Watu wanapita wanamtania: "Fundi, umewafungia kindi kamba ya kuanikia nguo?" Mpaka leo hakuna kindi aliyevuka kwa kamba hiyo. Jana mmoja alifika katikati, akasimama, akarudi. Sijui kama watavuka, baba.

Asubuhi baada ya kuukata mkuyu, akiwa amenipa mgongo anakoleza moto, akauliza, "Desturi ya kwenu mkwe hujitambulisha kaburini. Kila nikisema twende, una mafua, una kufua. Ni baba yako anayenikataa, au ni wewe?"

Jibu nilikuwa nalo: ni mimi. Lakini lilinitia aibu.

Nimekata tiketi mbili za basi la Iringa. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa hapo, mimi na yeye. Nitakaa pembeni kwenye nyasi. Mlangoni kwako atasimama peke yake, atataja jina lake na kazi yake kwa mdomo wake, nami sitamsemea.

Kamwene, baba, pokea salamu zangu.

Binti yako,
Neema