Vitabu vya Chelangat

Jumamosi, 4 Mei 1996
Mvua tangu asubuhi. Ukumbi wa kanisa unanuka unyevu, vibao viwili vya piano vinakwama. Vitabu vya kufundishia piano vimefika kutoka Nairobi. Mzee Kirui, mstaafu wa kiwanda cha chai, nimempa cha watu wazima: hakina picha, na nyimbo za ibada zimo. Watoto wa nasari, kile cha nota kubwa na wanyama. Chelangat ana miaka tisa, amemaliza cha kwanza kabla ya wenzake. Nimempa cha pili. Alikikumbatia.

Jumamosi, 11 Mei
Chelangat amepiga vibaya. Mkono wa kushoto unachelewa. Hakufanya mazoezi, nadhani. Nimemkaripia.

Jumamosi, 18 Mei
Bado. Labda nimekosea kitabu. Hiki cha pili kinaenda mbio, kinadhani kila mtoto ana kiganja kipana. Nimembadilishia kingine kinachopanda polepole. Mama yake anasema mtoto hupiga meza ya jikoni kila jioni, akijifanya ni piano. Basi si uvivu. Jibu hilo sikulipenda.

Jumamosi, 25 Mei
Nimemrudisha kwenye kitabu cha kwanza. Wimbo aliopiga mbele ya kanisa zima siku ya Pasaka umemshinda. Nikamwuliza kama amechoka. Akautazama mkono kama wa mtu mwingine.
"Mwalimu, naambia kidole iende. Haiendi."


Jumanne, 28 Mei
Ukungu umefunika majani ya chai hadi barabarani. Nimepekua kabati lote nikitafuta kitabu rahisi zaidi. Najua ninachofanya. Natafuta kitabu ili nisiende kwa mama yake. Naogopa.

Jumamosi, 1 Juni
Nimemwekea kile cha nasari. Nota kubwa, picha ya bata. Aliona haya, wadogo walikuwa mlangoni. Mkono wa kulia sawa. Wa kushoto ulilala tu juu ya vibao. Alipoinuka akajikwaa. Mguu wa kushoto pia.
Hakuna kitabu kilicho chini ya hicho.
Nikafunga piano, nikamsindikiza kwao kwa miguu, matope hadi vifundoni. Mama yake alikuwa anakamua ng'ombe. Nikamwambia si uvivu wala si kitabu, ampeleke hospitali. Akasema hata kikombe humponyoka siku hizi.
"Nilifikiri ni mimi tu naona," akasema.
Ng'ombe akabaki amekamuliwa nusu.

Alhamisi, 6 Juni
Hospitali ya hapa imemwandikia aende Nairobi, kichwa kipigwe picha. Mzee Kirui alikuja kwa somo lake. Tuliomba badala ya kupiga.

Jumapili, 16 Juni
Uvimbe kichwani. Watampasua. Imetangazwa kanisani. Sikuimba.

Jumamosi, 24 Agosti
Wamerudi. Amekonda, amefungwa kitambaa kichwani. Mkono wa kushoto haujarudi. Daktari hakuahidi kitu. Baada ya Krismasi watamtazama tena, kama uvimbe umeota upya.
Sikumtarajia leo. Amekuja akimshika mama yake bega. Akaketi ukingoni mwa benchi, akaniachia nafasi upande wa kushoto.
Alipiga kwa mkono wake wa kulia. Mimi nikapiga sehemu ya ule mwingine.