Jumamosi ya Kupanda

Chang'ombe, Temeke,
Dar es Salaam.
9 Machi 1975

Mpendwa Mjomba Polikarpo,

Shikamoo mjomba. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Newala, na kwamba ule mguu uliokusumbua wakati wa Krismasi sasa unakanyaga vizuri. Sisi hatujambo. Mama alikuwa na homa, lakini amepona na ameshaanza kugombana na jiko lake la mkaa kama kawaida. Mvua bado hazijashika.

Nimechelewa kukushukuru kwa ule ubao wa kuteleza, wenye magurudumu ya beringi. Siku uliyoondoka nilikubebea kikapu mpaka kwenye basi nikasema safari njema tu. Basi nakushukuru sasa, mjomba, kwa ubao wenyewe na kwa wale watu uliowachonga upande wa chini, wamebebana mabegani, ambao mtu hawaoni mpaka ubao upinduke.

Baba na wachongaji wenzake wanne waliupenda wakaniomba wautundike katika chumba chao cha maonyesho, lile ghala kuukuu walilopewa na kamati ya mtaa. Wameutundika tumbo nje, magurudumu yanawatazama wageni. Watoto walipouona wakaleta mbao zao zichongwe pia. Sasa ziko kumi na moja, katikati ya vinyago vya mpingo. Makubaliano ni kwamba siku za shule ubao unakaa ukutani, na Jumamosi mwenyewe anaushusha akateleze nao.

Tatizo likawa barabara. Mwezi uliopita rafiki yangu Somoe, ambaye husimama wima juu ya ubao kama askari wa gwaride, aliponea chupuchupu mbele ya lori la magunia. Kamati ikasema watoto watafutiwe mahali pengine kufikia Jumamosi ya kwanza ya Machi, la sivyo chumba kitafanywa stoo ya mbegu. Siku ile Baba hakula. Kesho yake akasema tujaribu ua wa nyuma, ingawa umejaa vifusi na majani, na majirani waje waone kwamba gari halifiki.

Kwa kuwa mwandiko wangu unasifiwa, nikapewa kazi ya tangazo. Niliandika kwa herufi kubwa: JUMAMOSI SAA TATU ASUBUHI, NYUMA YA CHUMBA CHA WACHONGAJI, KUPANDA. WOTE MNAKARIBISHWA. Nikalirudia mara tatu nisikosee hata herufi moja.

Mjomba, nilikuwa nafikiria kupanda ubao, kama mtu anavyopanda baiskeli. Lakini mwaka huu redio inahimiza kilimo asubuhi na jioni. Jumamosi ilipofika nikawaona watu zaidi ya thelathini wanakuja na majembe. Mbele yao Mzee Fakihi, balozi wetu wa nyumba kumi, kabeba mzigo wa vijiti vya muhogo begani. Nyuma yake wajumbe wawili wa kamati.

Nilijificha ndani ya chumba cha maonyesho. Baba alikuwa bado hajafika, na wale hawakungoja mtu. Nikamsikia Mzee Fakihi akiwagawia watu matuta, kisha jembe lake likagonga kitu kigumu. La jirani yake nalo likagonga. Chini ya udongo kulikuwa na sakafu ya saruji, ya ghala jingine lililobomolewa zamani.

"Nani katuita tupande muhogo juu ya saruji?" akauliza. "Ajitokeze, tumpike yeye."

Watu walicheka. Nikafikiri nikinyamaza atalaumiwa Baba, na chumba kitakwenda. Nikaushusha ubao wako ukutani, nikatoka nao nimeukumbatia.

"Shikamoo babu," nikasema. "Ni mimi. Nilikusudia kupanda ubao huu."

Aliutazama ubao, akaupindua, akawapitishia kidole wale watu wako mmoja mmoja. Kisha akaniuliza kama unaweza kumbeba mzee. Nikasema unaweza. Akaketi juu yake, kofia mkononi, Somoe akamsukuma. Alikwenda hatua mbili akakwama kwenye udongo.

"Mjukuu wangu," akasema, "shamba lako halijalimwa." Akainuka akachukua jembe.

Mpaka adhuhuri udongo wote ulikuwa umesogezwa pembeni na sakafu ikaonekana, pana kuliko kanisa letu. Muhogo ukapandwa kandokando, kwenye udongo uleule. Wajumbe wa kamati nao walilima, suruali wamezikunja. Walipokuwa wakinawa wakamwambia Baba, ambaye alikuwa ameshafika, kwamba mbegu zitatafutiwa stoo kwingine.

Jioni, watu walipoondoka, nilipanda mara ya kwanza mbele ya macho ya wengine, yaani Baba na Somoe. Nilianguka. Uso wa yule mtu wa chini kabisa, anayewabeba wote, umepata mkwaruzo. Baba alitaka kuupiga msasa, nimemwomba auache. Ubao umerudi ukutani, na chini yake nimeandika jina lako.

Nisalimie Bibi Anjelina, Shangazi Felicitas na Adelard, umwambie kitabu chake ninacho bado. Mungu aushike mguu wako na mikono yako inayochonga.

Mpwa wako asiyesahau ulichompa,

Bernadeta

Vijiti vya Mzee Fakihi vimeanza kuchipua. Anapita kila asubuhi kuuliza kama tumeshapanda leo.