Somo la Umeme

Dada, shikamoo.

Mguu wangu umepona, natembea bila fimbo. Koti ulilosahau siku ya mazishi tumelifua na tumekutunzia.

Nimerudi kufundisha huduma ya kwanza. Wale wa kujitolea safari hii ni kumi na wawili. Mwanasesere wa mazoezi wamembandika jina la Bosi, eti analala tu watu wakimhangaikia. Mwanao angecheka mpaka akae chini. Siku hizi naanza na somo la umeme, kabla hata hatujajuana majina.

Umeniuliza tena kwa nini mwanao, kijana mtulivu vile, alimshika mtu aliyenaswa na waya, asisubiri umeme ukatwe. Nilikujibu kwamba huruma ilimzidi. Nilikudanganya, Dada. Siku ya somo la umeme kwa darasa lake mguu uliniuma, nikawaruhusu waende nyumbani mapema. Nikasema tutalifidia wiki ijayo. Hatukulifidia, na vyeti nikavitia sahihi vyote.

Hicho ulichokitundika ukutani, juu ya picha yake, kina mkono wangu. Kishushe. Kisha uniambie kama bado naruhusiwa kuja arobaini yake.

Mdogo wako.