Spika za Ukumbi Ndani ya Sebule ya Hatua Nne

Dada Mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijampoteza baba yangu nikiwa naye ndani ya nyumba moja. Mimi ni fundi vioo, nina mke na watoto wawili, na tangu mama afariki mwaka jana baba amehamia kwangu, mzee aliyepuliza tarumbeta kwenye bendi miaka thelathini mpaka meno ya mbele yalipomtoka, na sasa kazi yake ni kusikiliza nyimbo za zamani kwenye redio ndogo ya mkononi inayokoroma kama mtu mwenye mafua, nami roho ikaniuma, nikaenda dukani nikamnunulia spika mbili zinazonifika kifuani pamoja na boksi lake la besi, muuzaji akaniapia kwamba mtaa mzima sitakuwa na mpinzani.

Nilizisimamisha kwenye pembe mbili za sebule maana hapakuwa na kwingine, sebule yenyewe ni hatua nne kwa tatu, nikamkalisha mzee kwenye kochi, nikaweka wimbo aliopuliza yeye mwenyewe ujanani, nikafungulia, na vioo vya madirisha nilivyovifunga kwa mikono yangu vikaanza kulia, vikombe vikatembea kabatini, mtoto mdogo akaziba masikio, jirani yetu mshona viatu akaja kuuliza kama kuna harusi, lakini macho yangu yalikuwa kwa baba tu nikisubiri atabasamu, na baba akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akasema ahsante, akachukua redio yake akaenda kukaa jikoni.

Siku ya tatu uvumilivu ukaniisha, nikamfuata huko jikoni nikamwambia mbele ya mke wangu kwamba hana shukrani, na neno lilipotoka tu nilitamani kulirudisha, naye hata hakukasirika, alinitazama akasema, "Mwanangu, kabla ya kupuliza mtu huvuta pumzi. Kwenye redio hii mbovu naisikia. Kwenye zako nasikia kishindo." Tangu hapo anaongea nami kama mpangaji, habari za asubuhi basi, na amempigia dada yangu simu kwamba Jumatano anahamia kwake, mke wangu anasema nizirudishe spika, mimi naona nikizirudisha nimekubali nilikosea, na wala sijui nilikosea wapi. Nimwache aende, au ninunue kubwa zaidi zenye sauti safi?

Fundi Vioo

*

Marahaba, fundi. Gazeti hutoka Jumapili na mzee alikuwa anaondoka Jumatano, ndiyo maana nilikupigia simu Jumatatu. Niliyokuambia nayaandika hapa kwa ajili ya wenzako, maana mko wengi.

Nia yako ilikuwa njema, na kwa sababu hiyo tu sikukata simu uliporudia swali la kununua kubwa zaidi. Spika zile ni za ukumbi. Besi inataka nafasi. Wewe umeibana kwenye pembe, kuta mbili zikaikuza, halafu, kama ulivyonieleza kwenye simu, chini una vigae vitupu na ukuta mzima ni vioo visivyo na pazia, kwa hiyo kila sauti inadunda kama mpira. Tarumbeta ya mzee imezama humo. Chumba kama chako kinataka spika ndogo za kukaa juu ya stendi, bila boksi la besi, zisogezwe mbele ya ukuta kiasi cha urefu wa mkono, ziwe usawa wa masikio ya aliyekaa, na kutoka spika hadi spika pawe sawa na kutoka kila spika hadi kwenye kiti. Tandika zulia. Weka mapazia mazito, najua yanakuuma.

Halafu kuna ladha ya msikilizaji. Anayetaka kucheza hutafuta besi. Anayesikiliza ala na sauti ya mtu hutafuta spika isiyotia chumvi. Baba yako ni huyo wa pili, wewe ni wa kwanza, na ulijinunulia mwenyewe ukasema ni za baba. Kosa usilolijua ndilo hilo. Kumwita hana shukrani ni kosa jingine, tena hilo unalijua.

Nafurahi ulinisikiliza. Jumanne ulimwomba radhi jikoni palepale, mbele ya mkeo yuleyule, kisha mkazibeba zile kubwa mkaenda dukani pamoja. Umeniandikia kwamba muuzaji alipoanza kuhesabu wati mzee alimwomba anyamaze kidogo, akasikiliza jozi nne kwa wimbo uleule, macho kafumba, na kwenye jozi ya tatu akainua kidole. "Huyu ni mimi," akasema. "Na hapo nimechelewa kuingia. Kiongozi wa bendi alininunia wiki nzima." Mkacheka mpaka wateja wakageuka. Zile kubwa zikabaki dukani, mkarudi na viboksi viwili vidogo kuliko ndoo.

Jumatano kweli alikwenda kwa dada yako, ila anasema ni matembezi ya siku nne. Usimuulize amebadilisha mawazo lini. Mwache.

Akirudi asikute mshangao mwingine wowote. Kiti chake kiwe katikati, watoto wakae wanapotaka, na wewe usiguse kitufe hata kimoja. Rimoti akae nayo yeye.