Si Ukaidi, Mama

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na yale maumivu ya goti yamepungua. Mimi mwili hauna neno, ila moyo umechafuka, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, na mimi nikikatizwa tu, basi, kila kitu kinapotea.

Kazi ya udobi bado ninayo, lakini naifanya roho mkononi. Juzi bosi aliniambia niloweke mashuka, nianike mashati, kisha nizime pasi. Nikaloweka mashuka, maagizo mengine yakayeyuka kichwani. Pasi ikabaki juu ya suruali ya bwana harusi mpaka ikatoboka. Bosi alifoka, akaniita kichwa maji, nami nikacheka! Nikiogopa huwa nacheka, mama, sijui kwa nini. Ana mdomo huyo, ila moyo wake mzuri. Akanipeleka hospitali nikapimwe huku kusahau kwangu.

Daktari ni mama wa makamo, mpole. Alinipima kumbukumbu, akauliza habari za shule. Akaeleza kwamba wako watu wanaozaliwa hivi kwa sababu mama alikunywa pombe akiwa mjamzito, ikamdhuru mtoto ubongo. Haiponi hata ukubwani. Lakini mtu huyo akipewa agizo moja moja, na kazi isiyobadilikabadilika, anaweza. Bosi akasema daktari akithibitisha hivyo, atanibakiza na kunipangia kazi upya. La sivyo, mwisho wa mwezi niende zangu.

Ndipo daktari akauliza kama mama yangu alikunywa. Nikajibu kwamba wewe pombe hujawahi hata kuionja. Akasema basi hawezi kuthibitisha.

Nilidanganya, mama. Shangazi alishaniambia jinsi ulivyokunywa baba alipofariki, nami nikiwa tumboni. Najua ulikuwa na uchungu, na hakuna aliyekuonya. Lakini nilikasirika, sikufichi. Nililia mpaka macho yakavimba. Ulinichapa sana kwa kusahau, mama, kumbe sikuwa mkaidi.

Njoo umwambie daktari wewe mwenyewe. Alisema hakuna atakayekuhukumu. Usipokuja, mimi sitasema kitu. Nitafunga nguo zangu nirudi nyumbani, na majirani wakiuliza kwa nini nimefukuzwa tena, waambie tu ni uvivu wangu.

Nisalimie dada na wanawe wote.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Kitinda mimba wako