Kibao cha Gitaa

Jumapili jioni, Tabata

Nimemwita mzee mzima mwizi. Fundi wa Tandale, aliyeniuzia gitaa la umeme lenye uwazi tumboni kwa bei ya huruma.

Leo nilitoa nyuzi zote ili niweke mpya, na kibao kinachozibeba kikaanguka. Nikampigia simu: mwizi wewe, umeniuzia gitaa bovu, nitakupeleka polisi. Mie, karani ninayetetemeka bosi akiniita!

Akaja. “Polisi wako wapi, mwanangu? Nimejileta.” Akakisimamisha kibao. “Hiki hakigundishwi. Kinashikiliwa na nyuzi. Ndiyo maana tunabadilisha uzi mmoja mmoja.” Akafunga nyuzi mpya, akazikaza, akapiga kidogo. Likalia vizuri.

Nikasema asante. Samahani sikuomba. Alipokwisha kuondoka ndipo nilipokumbuka kwamba hata shikamoo sikumpa.